Super Matimila, Bendi ya Ng'ambo Iliyokuwa Yetu

Sijawahi kumwona Remmy Ongala jukwaani, na watu wengi wa rika langu wa Nundu, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, hawakumwona pia. Dar es Salaam ni mbali. Uvuke ziwa hadi Kigoma, kisha upande treni ya reli ya kati, kilomita zaidi ya 1,200, na ushukuru Mungu kama injini haikukuangusha njiani. Lakini mtajie Super Matimila, bendi yake, mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa hili miaka ya themanini, kuanzia Makobola hadi Baraka, naye atakuanzishia wimbo kabla hujamaliza kutamka jina. Bendi ile tuliihesabu kuwa yetu, na hatukuwa tunajidanganya. Mwimbaji wake alikuwa mtoto wa Kivu aliyeelekea mashariki kutafuta maisha, kama walivyofanya jamaa zetu wengi, na aliyoyaimba huko yaliturudia kwa lugha tunayoamkia.

Alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaitwa Ramadhani Mtoro Ongala. Kijana wa leo akitazama ramani ataona Kindu ni makao makuu ya Maniema, mkoa mwingine kabisa, na atadhani hapatuhusu. Lakini Kivu iligawanywa kuwa mikoa mitatu mwaka 1988 tu. Wazazi wetu waliishi katika Kivu moja kubwa iliyoanzia Lualaba hadi Tanganyika, na mtu wa Kindu aliyefika Fizi alikuwa mtu wa mkoa uleule. Kindu pia ni mji wa Kiswahili cha zamani. Lugha ilifika Maniema pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, ikaota mizizi, na majina kama Ramadhani na Mtoro hayakumshangaza mtu.

Kisa cha kuzaliwa kwake alikisimulia mwenyewe mara nyingi. Mama yake alikuwa amefiwa na watoto wawili. Alipopata mimba nyingine akaenda kwa mganga, akaambiwa asijifungulie hospitali, aende msituni, na mtoto akizaliwa asinyolewe. Mtoto akatoka na meno mawili ya mbele, na kwao hiyo ilikuwa alama ya mganga. Ndiyo maana nywele zake aliziacha zikajisokota miaka na miaka, na watu waliomdhania Rasta walikuwa wanasoma kitabu kisicho chake. Baadaye mashabiki walipomwita Dokta, waliokijua kisa cha Kindu waliona jina limepata mwenyewe.

Baba yake, mchezaji na mpiga ngoma, alifariki Remmy akiwa bado mdogo. Mama akafuata mwaka 1964. Akiwa na miaka 17 hivi, akabaki na wadogo zake wa kulisha. Shule alikuwa ameshaiacha. Mkononi alikuwa na muziki tu, akaufanya kazi: akapigia bendi za hotelini, akahama na bendi kutoka mji hadi mji, akafika hadi Uganda.

Mwaka huohuo wa 1964 ndio uliopindua maisha ya kwetu. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba mwezi wa tano, na uasi ukashuka na barabara ya ziwa hadi Baraka na Fizi. Vijana wengi wa Kibembe waliingia. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na Wakuba wake, akatua Kibamba, akakaa milimani hadi Novemba. Kabla hajaondoka, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walikuwa wameshashuka Baraka kutoka ziwani. Wenye mitumbwi wakavuka. Wasio nayo wakapanda milima.

Vita ile haikuisha siku ile. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda chama chake cha PRP na kuweka makao Hewa Bora, ndani ya milima ya Fizi, na kwa karibu miaka ishirini serikali ya Mobutu haikuimudu milima hiyo. Dunia ilikumbushwa Mei 1975 kwamba waasi hao wapo, watu wa Kabila walipovuka ziwa usiku na kuwateka vijana wanne waliokuwa kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe, upande wa Tanzania. Sisi huku hatukuhitaji kukumbushwa. Kulikuwa na askari barabarani na waasi mlimani, na raia katikati.

Hayo nayasimulia kwa sababu ndiyo yaliyoelekeza masikio yetu. Mtu wa Nundu wa miaka ya sabini alikuwa na Kinshasa mgongoni na ziwa usoni. Kinshasa ilikuwa mbali kuliko Dar es Salaam, na ilipotukaribia ilikuja imevaa magwanda. Jeshi lilisema Kilingala. Kwa mama aliyebeba mawese yake kwenda sokoni, Kilingala kilikuwa lugha ya kizuizi: simama, fungua, toa. Muziki wa Kinshasa tuliupenda, maana ni nani angeweza kumkataa Franco na TPOK Jazz au Tabu Ley na Afrisa? Tuliucheza harusini hadi asubuhi. Lakini wengi wetu tuliucheza kwa miguu, maneno yakapita juu ya vichwa. Mtu akikuuliza wimbo unasema nini, unamjibu unasema mapenzi.

Ng'ambo mambo yalikuwa mengine. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ilisema Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku, na giza likishaingia mawimbi yake yalivuka ziwa bila kuulizwa kibali na mtu. Wazee walisikiliza habari. Sisi watoto tulingoja muziki. Kiswahili chao kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, tukiwaiga tuliambiana unajifanya Mtanzania, lakini hakuna neno lililotupita. Hapo ndipo tulipogundua jambo lililotuchekesha na kututia fahari kwa pamoja: nusu ya sauti zilizokuwa zikituburudisha kutoka Dar es Salaam zilikuwa za Wakongo.

Waliotangulia kuvuma walikuwa Orchestra Maquis. Bendi hiyo ilizaliwa Kamina, Katanga, ikapitia Uganda, ikaingia Dar es Salaam mwaka 1972 na kubaki. Humo walipita watu kama Tshimanga Assosa na Kasaloo Kyanga, sauti ambazo Mtanzania wa enzi zile anazikumbuka kuliko mimi. Maquis walikuwa na nidhamu ya kampuni, na kweli walikuwa na kampuni yao, OMACO, kwa hiyo vyombo vilikuwa mali yao. Mtindo wao mmoja waliuita Kamanyola bila jasho. Tuliposikia jina hilo redioni tulitazamana. Kamanyola tunayoijua sisi ni mji wa bonde la Ruzizi, juu ya Uvira, mahali ambapo Mobutu alijivunia ushindi wake wa 1964 dhidi ya waasi walewale wa kwetu. Shuleni tulikaririshwa Kamanyola kama vita. Dar es Salaam waliigeuza kuwa dansi, tena ya kucheza polepole bila kutoka jasho. Sijui kama wenyewe walikusudia mzaha, ila huku kwetu mzaha ulifika.

Bendi nyingine ilikuwa ya Mzee Makassy, Orchestra Makassy. Ndiye aliyemwita Remmy, mpwa wake, Dar es Salaam mwaka 1978. Kwa desturi zetu mjomba akikuita huulizi mshahara. Remmy akaenda. Wimbo wake wa kwanza kuutunga katika bendi hiyo aliuita “Siku ya Kufa”, baada ya kufiwa na rafiki. Kijana wa miaka 31, mgeni mjini, ameingia katika bendi ya kuchezesha watu, na jambo la kwanza analotaka kuwaambia wachezaji ni kwamba watakufa. Tabia hiyo hakuiacha tena.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Makassy alihamishia bendi Nairobi, akarekodi huko santuri yake maarufu ya “Agwaya”. Remmy alibaki Dar es Salaam na kuingia Orchestra Matimila, ambayo chini yake ikawa Super Matimila. Akajenga maisha Sinza, akamwoa mwanamke wa Kiingereza, akazaa watoto. Mtu wa Kindu akawa mtu wa Sinza hadi kituo cha daladala kikaitwa Kwa Remmy, na kinaitwa hivyo mpaka sasa.

Ili kuelewa jinsi nyimbo zake zilivyotufikia, lazima uelewe muziki wa Tanzania ulivyokuwa ukiendeshwa. Bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi: chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz iliyokuja kuwa JUWATA, polisi walikuwa na yao, jeshi la kujenga taifa na yao, na shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam likaichukua Mlimani Park. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa lilikuwa mali ya ofisi. Kiwanda cha kutengeneza santuri hakikuwepo. Bendi iliyotaka wimbo wake usikike iliingia studio ya Radio Tanzania, ikapiga yote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mkanda ukabaki redioni. Kabla ya hapo maneno ya wimbo yalipitiwa na wakubwa. Malipo yalikuwa madogo. Faida ya bendi ilikuwa kupigwa hewani, ili Jumamosi watu wajae ukumbini walipe kiingilio.

Kwa mwanamuziki utaratibu huo ulikuwa wa kunyonywa. Kwetu ulikuwa neema. Wimbo ambao hauuzwi dukani unabaki redioni, na redio haina mpaka. Mtu wa Kigoma aliyekuwa na redio kaseti aliurekodi ukiwa hewani, mara nyingine na sauti ya mtangazaji ikiwa imeng'ang'ania mwanzoni. Kaseti hiyo ikanakiliwa. Nakala ikaingia kwenye boti pamoja na sabuni, chumvi na vitenge, boti iliyokuwa imepeleka mawese na ndagala na sasa inarudi. Ikifika Nundu ilikuwa nakala ya nakala, gitaa la besi limegeuka mngurumo, matoazi yamepotea kabisa. Tuliinunua hivyohivyo.

Nyumbani kwetu redio kaseti ilikuwa ya baba mkubwa, na sheria zake zilikuwa nyingi kuliko za kanisa. Haiguswi kabla ya taarifa ya habari. Kaseti hairudishwi nyuma kwa kitufe, maana inakula mawe, yaani betri. Unaingiza kalamu ya Bic kwenye tundu lenye meno na kuizungusha hewani mpaka mkanda urudi mwanzo. Mawe yakichoka yanaanikwa juani juu ya bati, pembeni ya ndagala, na jioni yana nguvu ya nyimbo tatu hivi. Wimbo wa nne sauti inaanza kurefuka, Remmy anakuwa mzee, halafu anazama. Tulijua mpangilio wa kanda kwa mawe. Upande wa pili haukufahamika sana katika nyumba yetu kwa sababu tuliufikia mara chache.

Muziki wenyewe ulikuwa wa namna gani? Muundo tulioujua kwa Kinshasa ulikuwepo: mwanzo wa taratibu wa kusimulia, kisha magitaa yanaachiwa, tunavyosema sebene na Watanzania wanavyosema chemko. Magitaa ya Super Matimila hayakuwa na haraka. Solo ilizunguka juu ya rithimu, gitaa la tatu likajaza mwanya uliobaki, besi ikasema kidogo na kwa uzito, na chini yake tumba na drum zikaenda kama mtu anayejua safari ni ndefu. Juu ya hayo Remmy hakuwa na sauti tamu. Wenye sauti tamu walikuwa wengi Dar es Salaam. Yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, ya mtu aliyekaa kibarazani anayekueleza jambo, na mara nyingi aliacha kabisa kuimba akaongea.

Aliyoyaongea ndiyo yaliyotufanya tusogeze viti. Aliimba “Mnyonge Hana Haki” katika nchi iliyojitangaza kuwa ya wanyonge, na huku kwetu, katika Zaire ambako mnyonge hakuwa ametangaziwa lolote, hatukuhitaji maelezo. Aliimba “Ndumila Kuwili”, na kila kijiji kiliwajua wa kwake. “Nalilia Mwana” ni kilio cha anayetaka mtoto, na niliona wanawake wazima wakiacha kutwanga ili wasikilize. Bendi za Kinshasa wakati ule zilijaa majina ya matajiri, wanasiasa na wapenzi wa Ulaya. Remmy alitaja maskini, na hakumtaja kwa kumhurumia. Alimtaja kama jirani yake.

Kuliko zote, kulikuwa na “Kifo”. Humo anazungumza na kifo kama unavyozungumza na mtu aliyekukosea, anamlaumu, anamuuliza kwa nini hachagui, hana simile wala aibu. Ni wimbo wa dansi. Unachezeka. Mara ya kwanza kuusikia ukipigwa kwenye kilio nilishtuka, nikatazama wazee watafanya nini. Ilikuwa usiku wa pili wa matanga, karibu na kwetu. Wanakwaya walikuwa wamechoka na kwenda kulala, moto umebaki makaa, na kijana mmoja akaweka kaseti kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemkemea. Mjane alikuwa ameketi chini kwenye mkeka na wenzake. Wimbo ulipofika kwenye magitaa, akaanza kutikisa kichwa, taratibu, kwa mapigo yaleyale, na machozi yanatoka. Ulipoisha akasema kwa Kibembe arudishe. Kijana akatoa kaseti, akaomba kalamu.

Tangu hapo sikuwahi kuamini kwamba muziki wa dansi ni wa kuchezea tu. Nyimbo za kanisani zilituambia marehemu yuko mahali pema, na tuliamini. Remmy hakubisha. Alisema tu kwamba inauma na kwamba si haki, jambo ambalo mfiwa anataka mtu mmoja alikiri kabla ya mazishi. Katika nchi ambayo watu walikuwa wamezikana haraka njiani tangu 1964, wengine bila kaburi, kukiri huko kulikuwa na thamani kubwa.

Wakati sisi tunaanika mawe ya redio, Super Matimila ilikuwa inatoka nje ya Afrika. Kanda yao iliwafikia watu wa tamasha la WOMAD la Uingereza, wakaalikwa, na mwaka 1988 wakafanya ziara ya Ulaya. Santuri ya “Nalilia Mwana” ikatolewa huko. Mwaka uliofuata walirekodi katika studio za Real World, za Peter Gabriel, wakatoa “Songs for the Poor Man”, na mwaka 1992 wakatoa “Mambo”. Miaka mingi baadaye nilipozisikia rekodi hizo zikiwa safi, kila uzi wa gitaa mahali pake, nilifurahi na kupotea kidogo. Matoazi yalikuwepo siku zote kumbe.

Mwaka 1990 alitoa wimbo uliotugawa. “Mambo kwa Soksi” ulihimiza kutumia kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu na viongozi wengi wa Afrika wanaona haya hata kuutaja. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Katazo hilo liliutangaza kuliko redio yenyewe, na kaseti zake zikavuka ziwa kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Katika mtaa wa makanisa kama wetu, wazee waliusikiliza nusu wakazima. Baba mkubwa alituita vijana wote wa nyumba, akatusomea sheria mpya kuhusu kaseti hiyo, kisha akabaki nayo yeye mwenyewe. Nundu ni mji wa hospitali. Waliofanya kazi wodini walijua Remmy anasema nini, na baadhi yao ndio walioinakili zaidi.

Halafu vita ikarudi. Mwishoni mwa mwaka 1996 askari wa AFDL, muungano wa waasi dhidi ya Mobutu, walishuka na barabara ya ziwa, Kabila wa Hewa Bora akiwa sasa msemaji wao, na mwaka uliofuata akawa rais. Wengi walidhani mzunguko umefungwa. Agosti 1998 ukafunguka upya, na siku za mwisho za mwaka huo yakatokea mauaji ya Makobola. Watu wa kando ya ziwa walifanya walichofanya baba zao mwaka 1965: walivuka. Safari hii walivuka kwa maelfu kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ikajaa watu wa Fizi, Baraka, Mboko, Swima na Nundu, hadi Kibembe kikawa lugha ya soko la kambi.

Hapo ndipo ilipotokea kejeli ambayo wazee wa kambi walikuwa wakiisimulia kwa kucheka. Tulikuwa hatimaye katika nchi ya Super Matimila. Reli ileile iliyoanzia Kigoma ilikwenda moja kwa moja hadi mji wa Remmy. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali cha kwenda kusikiliza dansi hakipo kwenye fomu. Tuliendelea kumsikiliza kwa redio, kama tulivyokuwa Nundu, tofauti ni kwamba sasa mawimbi yalikuwa safi. Katika “Mambo” kuna wimbo alioupa jina la Kiingereza, “I Want to Go Home”. Aliyetunga alikuwa Mkongo mwenye nyumba, mke na kituo cha basi Dar es Salaam. Aliyeusikia akiwa chini ya turubai Nyarugusu hakuhitaji kujua Kiingereza chote ili aelewe jina hilo.

Waliorudi walianza kurudishwa rasmi mwaka 2005, meli ikitoka Kigoma na kutia nanga Baraka, watu wakishuka na magodoro, mabati, mbuzi, na redio. Wengine hawakurudi. Wapo bado kambini, na wapo waliopelekwa Marekani, Kanada na Australia, ambako watoto wa Kibembe wanazaliwa wakisikia theluji ikitajwa kwa Kiswahili cha Kasulu.

Remmy mwenyewe alikuwa ameshabadilika. Mwaka 2001 alipatwa na kiharusi. Baadaye aliokoka, akazikata nywele ambazo mganga wa Kindu alikataza zisiguswe, akaacha dansi na kuimba injili. Cosmas Chidumule, mwimbaji aliyekuwa naye Super Matimila, alikuwa ameitangulia njia hiyo. Huku kwetu kuna waliosikitika, na kuna waliosema heri yake. Mimi sikuona kwamba alikuwa amehama mbali. Mtu aliyeanza kazi kwa kuiimba siku ya kufa alikuwa siku zote na mguu mmoja kanisani, ila alikataa kuharakisha faraja. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na miaka 63, akazikwa Sinza.

Wenzake wa kizazi kile wametawanyika. Dekula Kahanga, anayeitwa Vumbi, mpiga solo wa Kivu aliyeng'ara na Maquis miaka ya themanini, aliishia Stockholm, na kutoka huko anaendelea kupiga gitaa la Dar es Salaam. Kumbi zimekuwa maduka na makanisa. Vijana wa Nundu wana simu, na nyimbo zinawafikia siku ileile zinapotolewa, bila kalamu wala jua.

Lakini njia ni ileile. Innoss'B wa Goma alipomshirikisha Diamond Platnumz katika “Yope” mwaka 2019, wapo waliozungumza kana kwamba Kongo na Tanzania zimekutana kimuziki kwa mara ya kwanza. Wazee wa kwetu walishangaa kidogo. Mtoto wa Kivu kwenda kupata ukubwa wa sauti Dar es Salaam ni jambo lililokwisha kuwa na njia na wenyeji wake. Tofauti ni kwamba siku hizi haimlazimu ahamie Sinza.

Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville. Tulifurahi kama wote. Hata hivyo, historia iliyosimuliwa siku hizo ilianzia kwenye mto mmoja na kuishia kwenye mto huohuo, miji miwili inayotazamana. Sisi tunajua tawi jingine. Lilitoka Kamina na Kindu, likapitia Kampala, likajenga Dar es Salaam na Nairobi, likaimba Kiswahili, na likasema kuhusu mnyonge, mjane na maiti mambo ambayo rumba ya mji mkuu haikuwa na nafasi ya kuyasema. Wapigaji wake walikuwa Wakongo na Watanzania pamoja, na wasikilizaji wake hawakuwa Ubungo na Sinza peke yake. Walikuwepo pia Swima, Mboko, Nundu na Baraka. Atakayeandika historia ya rumba bila sisi atakuwa ameandika nusu yake.